Masaba Ni Mbili, Keroka Iko Kotekote: Soma Hii Kabla Ujaze Fomu ya Basari Kisii ama Nyamira

Wacha nianze na aibu yangu ndio tuimalize mapema. Nikiwa mwaka wa pili koleji nilikosa basari juu ya neno moja tu: Masaba.

Nilikuwa nakaa Nyanchwa, kile kilima kinaangalia tao ya Kisii kutoka juu, kwa keja ya chumba kimoja na msee wangu. Ocha kwetu ni pande za Rigoma, karibu na Keroka. Balansi ya karo ilikuwa 18,000. Nikaingia saiba, nikaambia jamaa wa kompyuta aniprintie fomu ya basari ya Masaba. Akaprinti. Nikajaza na biro ya buluu, mathe akasaini, chifu akagonga muhuri bila hata kusoma, nikaipeleka kwa ofisi iliyoandikwa pale juu ya fomu. Nikarudi kungoja kama mtu amemaliza kazi.

Wiki tano baadaye nikaenda kucheki jina. Halikuwa kwa listi. Mama mmoja pale dawatini akaangalia kitambulisho changu, akaangalia fomu, akanionea huruma. "Momura," akaniambia, "hii ni Masaba ya huku. Wewe uko Masaba ile ingine." Ile ingine ilikuwa imefunga kupokea fomu siku tisa kabla.

Sisemi hiyo ndio kitu pekee ilinitoa koleji. Kulikuwa na mambo mengine, mengine nilijiletea. Lakini 18,000 ni 18,000, na hiyo ilipotea juu sikujua ramani ya kwetu. Tangu hapo nimeuliza wasee wengi wa rika langu, na ukweli ni kwamba tunajua mitaa ya Nairobi kuliko tunavyojua ocha yetu. Mtu anaweza kukuchorea Umoja yote na mathree zake, halafu umuulize yuko wadi gani, anakuambia "si ni huko Kisii tu."

Basi tuichore.

Majina yanachanganya kwa sababu ni ya ukoo

Kuna kaunti mbili za Wakisii: Kisii, ambayo ni kaunti nambari 45, na Nyamira, nambari 46. Kisii ina maeneo bunge 9 na wadi 45. Nyamira ina maeneo bunge 4 na wadi 20. Hapo bado uko sawa. Shida inaanza ukisoma majina.

Kisii: Bonchari, South Mugirango, Bomachoge Borabu, Bomachoge Chache, Bobasi, Nyaribari Masaba, Nyaribari Chache, Kitutu Chache North, Kitutu Chache South.

Nyamira: Kitutu Masaba, West Mugirango, North Mugirango, Borabu.

Umeona? Kitutu iko kaunti zote mbili. Mugirango iko kaunti zote mbili. Masaba iko zote mbili: Nyaribari Masaba ni Kisii, Kitutu Masaba ni Nyamira. Na kama hiyo haitoshi, serikali ikaongeza kaunti ndogo, Masaba South ikawa Kisii na Masaba North ikawa Nyamira. Halafu kuna Borabu ya Nyamira, ile ya Nyansiongo, na kuna Bomachoge Borabu ya Kisii, ile ya Kenyenya. Hizo mbili haziko hata karibu. Ukipanda mathree na kusema tu "Borabu", unaweza kulala mahali hukupanga.

Si ati mtu alikaa ofisini akaamua kutuchanganya. Haya majina ni ya koo kubwa za Abagusii kabla kuwe na kaunti, wilaya ama mzungu. Abagetutu ndio Kitutu. Abanyaribari ndio Nyaribari. Abagirango ndio Mugirango. Ababasi wakakaa Bobasi, Abamachoge Bomachoge, Abanchari Bonchari. Ile "Bo" ya mbele inafanya kazi kama ile "U" ya Ukambani: ni mahali pa hao watu. Kwa hivyo ukisoma karatasi ya kura Kisii, unasoma pia listi ya mababu. Ndio maana wazee wakiongea siasa hawasemi "mgombea wa chama fulani", wanauliza kwanza ni wa wapi, na wanamaanisha ni wa nani.

Ukoo ulikua ukahama. Abagirango wengine wako juu Nyamira, wengine wako chini kabisa Nyamarambe na Tabaka. Mzungu akaja akachora mistari yake, serikali zilizofuata zikachora zao juu ya hiyo, na mstari wa kaunti ukapita katikati ya watu wenye jina moja. Borabu ya Nyamira peke yake ndio iko tofauti kidogo. Hiyo ilikuwa ardhi ya masetla upande wa Sotik, na baada ya uhuru watu wa koo tofauti wakapewa mashamba huko kwa mpango wa makazi. Ndio maana mashamba ya Nyansiongo ni makubwa, na ndio maana huko hakuna ukoo mmoja wa kusema "hapa ni kwetu."

(Kitu kidogo ya pembeni. Kwa Ekegusii "baba" ni mama, na "tata" ndio fatha. Ukimsaidia magokoro wako kujaza fomu yenye "jina la baba", uliza mara mbili. Nimeona mambo.)

Ogembo ilikosa kuwa kaunti kwa miaka 4

Hii sehemu ndio napenda kuliko zote, na karibu hakuna mtu huwa anaisema.

Zamani hii yote ilikuwa wilaya moja, Kisii. Mwaka wa 1989 Nyamira ikakatwa ikawa wilaya yake. Mwaka wa 1992 bunge likapitisha sheria ya wilaya na mikoa, ikaorodhesha wilaya zote za Kenya zilizokuwepo wakati huo. Kisii ilikuwa ndani. Nyamira ilikuwa ndani. Halafu 1996 Kisii ikakatwa tena, Gucha ikazaliwa, makao makuu Ogembo. Ogembo ikaanza kujisikia tao.

Baada ya hapo Moi na Kibaki wakaendelea kugawa wilaya kama peremende. Gavana hakukuwa na, lakini wilaya mpya ilimaanisha mkuu wa wilaya mpya, ofisi mpya, gari za serikali, kazi mbili tatu kwa vijana wa hapo. Ilipofika Septemba 2009 Mahakama Kuu ikasema wilaya zilizoundwa baada ya ile sheria ya 1992 hazikuundwa kisheria. Mwaka uliofuata, 27 Agosti 2010, katiba mpya ikazinduliwa na kaunti 47. Hizo 47 zilitoka wapi? Zilitoka kwa ile listi ya 1992.

Sasa piga hesabu. Nyamira ilizaliwa 1989, ikawahi listi, leo ina gavana, seneta, bunge la kaunti na bajeti yake. Gucha ilizaliwa 1996, ikachelewa miaka 4, leo Ogembo ni makao ya kaunti ndogo na MCA anapanda gari kwenda Kisii kwa vikao. Kama ile karatasi ya wilaya ingeandikwa mwaka wa 1997, pengine tungekuwa tunaongea kuhusu kaunti tatu, na Ogembo ingekuwa na nyumba ya gavana.

Hiyo si kitu ndogo. Kaunti ni doo. Mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kisii kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa karibu bilioni 8.9. Nyamira ilipata kama bilioni 5.1. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Gawanya: Kisii inakuja kama 7,000 kwa kila kichwa, Nyamira karibu 8,500. Sehemu ya sababu ni kwamba ndani ya ile fomula kuna kiasi kinagawanywa sawa kwa kaunti zote, ndogo na kubwa. Kwa hivyo kuwa kaunti ndogo inayojitegemea kuna faida. Mtu wa Ogembo akilalamika ati barabara zake zinasahauliwa, sidhani analilia ukoo. Analilia ile miaka 4.

Bosongo, ama Getembe, ama Kisii tu

Tao kubwa ya hizi kaunti mbili ni moja. Sensa ya 2019 iliipa watu 112,417. Kwa karatasi ni Kisii. Wazee wanaiita Getembe. Wengine wanaiita Bosongo, kumaanisha kwa wazungu, na hilo jina halikuja kwa mapenzi.

Waingereza waliingia Gusii na bunduki mwaka wa 1905, wakarudi na bunduki tena 1908. Hiyo ya pili ilianza Januari, kijana anaitwa Otenyo Nyamaterere alipomchoma mkuki ofisa wa koloni, Northcote, ambaye watu walimuita Nyarigoti. Anayesemekana kumpa Otenyo moyo ni mama mmoja, Moraa. Northcote hakufa. Alipona, akapanda cheo, na mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na watu wake wanasema kichwa chake kilibebwa hadi Uingereza, na mpaka leo wanakidai. Kwa hivyo mtu wa kwanza kutawala Kisii kutoka ofisi aliishia kuwa gavana kweli, ila si wetu.

Wazee pia wanasimulia kwamba Sakagwa, yule nabii, alikuwa ameonyesha mapema mahali askari watakaa na mahali wagonjwa watalala hapo Getembe. Amini ama usiamini, hospitali iko. Ilianza 1916 wakati wa Vita vya Kwanza, miaka 2 baada ya Wajerumani na Waingereza kupigana hapo hapo Kisii, Septemba 1914. Leo ndio Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Inaendeshwa na kaunti ya Kisii lakini wagonjwa wanatoka Nyamira, Migori, Homa Bay na Narok. Ukiwa kwa foleni pale saa kumi na moja asubuhi, hakuna mtu anakuuliza gavana wako ni nani.

Wamishenari walichagua vilima. Wakatoliki Nyabururu mwaka wa 1911, Waadventisti Nyanchwa miaka hiyo hiyo kabla ya vita. Wote wakajenga shule, na ndio maana mpaka leo ukiuliza njia Kisii unaelekezwa kwa kanisa ama kwa shule. Nyanchwa sasa ni mabweni ya wanafunzi, keja za kupanga, na nduthi zikipandisha kilima na gia ya kwanza zikilia. Chuo Kikuu cha Kisii kilipopata hati yake mwaka wa 2013, kila mtu mwenye robo eka hapo karibu akageuka landlodi. Kuna jamaa alikuwa na migomba kumi na mbili nyuma ya keja yetu. Aliacha miwili.

Halafu kuna Gusii Stadium. Shabana ilirudi ligi kuu 2023 baada ya kukaa nje miaka 17, na siku Shabana inacheza nyumbani hutasikia mambo ya kaunti. Mathree za Nyamira zinajaa, za Ogembo zinajaa, na huko ndani ni "Tore Bobe" tu. Nadhani hiyo ndio ofisi pekee inahudumia kaunti zote mbili bila kuuliza kitambulisho.

Lakini hata hii tao yenyewe haiko eneo bunge moja. Upande mmoja uko Nyaribari Chache, mwingine uko Kitutu Chache South. Soko la Daraja Mbili liko Kitutu. Kwa hivyo mama mboga wa Daraja Mbili na mteja wake kutoka upande ule mwingine wanapigia kura wabunge tofauti, na watoto wao wanajaza fomu tofauti za basari.

Keroka

Kila kitu nimesema hadi hapa kinakutana Keroka.

Keroka iko kwa barabara ya Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti unapita hapo hapo tao. Upande mmoja ni Nyaribari Masaba, Kisii. Upande mwingine ni Kitutu Masaba, Nyamira. Zile Masaba mbili zilizonikulia basari zinasalimiana hapo. Watu ni wale wale, lugha ni ile ile, harusi ni kuvuka barabara. Lakini tiketi ya soko haivuki.

Tangu kaunti zianze kazi 2013, Kisii na Nyamira zimevutana juu ya nani akusanye ushuru Keroka. Wafanyabiashara na watu wa mathree wamelalamika ati wanadaiwa mara mbili. Na sioni kwa nini mtu ashangae. Tao yenye soko lililojaa, steji na maduka ni chanzo cha pesa ambazo gavana hahitaji kungoja Nairobi zitumwe. Hakuna kaunti itaachilia hiyo. Taka nayo ni stori ingine. Sijawahi kusikia kaunti mbili zikipigania nani azoe taka Keroka. Ni kama kuwa na wazazi wawili wanagombania mshahara wako. Siku ya kununuliwa viatu kila mmoja anakuambia uliza mwenzangu.

Kuna wenye husema si wasogeze tu mpaka, Keroka yote iende upande mmoja. Haiendi hivyo. Kifungu cha 188 cha katiba kinasema mpaka wa kaunti unabadilishwa tu kukiwa na tume huru ya kupendekeza, halafu thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa ikubali, na thuluthi mbili ya kaunti kwa Seneti ikubali. Hebu fikiria Turkana na Kwale zikipiga kura juu ya soko la Keroka. Labda siku moja, lakini usikae ukingojea.

Kitu rahisi kiko kifungu kinachofuata, 189. Hicho kinaruhusu kaunti ziunde kamati ama mamlaka ya pamoja. Yaani Kisii na Nyamira zinaweza kukaa chini, ziamue tiketi ni moja, pesa zigawanywe hivi, lori la taka liwe la wote. Hakuna kura ya Seneti inahitajika. Inahitajika tu magavana wawili na mabunge mawili ya kaunti wakubali kupoteza kidogo kila mmoja. Ndio maana nafikiri ni ngumu kuliko kura ya Seneti.

Zile tao zingine nitapita haraka. Nyamira yenyewe, makao makuu ya kaunti, iko West Mugirango na ni ndogo kuliko jina lake. Ukishuka unaweza kuimaliza kwa miguu kabla chai yako ipoe. Kwenda mbele ni Kebirigo, na hapo chai ndio inaongea, kama Sanganyi, Tombe na Nyansiongo. Suneka ina uwanja mdogo wa ndege. Chepilat iko mpakani na Bomet. Na Tabaka, chini South Mugirango, ndio nyumbani kwa lile jiwe laini la kuchonga. Ile sahani ya jiwe yenye twiga uliyoiona sokoni Nairobi ikiuzwa kwa mtalii, kuna uwezekano mkubwa ilichimbwa na kuchongwa huko, ikasuguliwa na maji na msasa na mathe akiwa ameketi nje ya nyumba yake. Bei aliyolipwa na bei uliyoiona Nairobi hazijuani.

Serikali mbili, mlango mmoja

Hapa ndipo wengi wanapotelea, hata waliomaliza koleji.

Ocha kwako kuna serikali mbili zinatembea sambamba. Moja ni ya kitaifa: kamishna wa kaunti, manaibu wake, chifu, naibu wa chifu, hadi mzee wa kijiji. Hao wote bosi wao yuko Nairobi. Ingine ni ya kaunti: gavana, msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, na MCA wako kwa bunge la kaunti. Chifu si mtu wa gavana. Ukienda kwa chifu kulia ati soko halina choo, umeenda kwa nyumba ya jirani kuomba funguo ya kwenu.

Soko, steji, leseni ya biashara, hospitali na zahanati, barabara ndogo za ndani, maji, chekechea na polytekiniki za kijiji, mambo ya kilimo: hiyo ni kaunti. Polisi, kitambulisho, sekondari, vyuo vikuu, barabara kubwa kama ile ya Kisii kwenda Sotik: hiyo ni kitaifa. Kwa hivyo shimo likiwa kwa barabara kuu Keroka, kaunti zote mbili zinaweza kukuambia si yetu, na mara hii wanasema ukweli.

Sasa basari. Kuna ya mbunge, inatoka mfuko wa NG-CDF, na hiyo inaenda kwa eneo bunge. Kuna ya kaunti, hiyo inaenda kwa wadi. Ni mifuko miwili, fomu mbili, tarehe mbili, kamati mbili. Unaweza kuomba zote. Na uangalie hiyo ya kaunti vizuri, kwa sababu ukisoma katiba utaona sekondari na koleji si kazi ya kaunti. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliandikia kaunti akasema zisilipe hizo basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, na stori ikaishia kortini. Watoto walikuwa wameshajaza fomu.

Swali la kwanza kwa kila fomu ni wadi. Kama umeandikwa Rigoma, Gachuba, Kemera, Magombo, Manga ama Gesima, wewe ni Kitutu Masaba, Nyamira. Kama ni Ichuni, Nyamasibi, Masimba, Gesusu ama Kiamokama, wewe ni Nyaribari Masaba, Kisii. Mimi ni wa Rigoma. Hiyo sentensi moja ingeniokolea 18,000.

Ocha ambayo si ocha

Kuna kitu bado inanisumbua, na haiko kwa fomu yoyote.

Tunaita huku ocha, lakini sensa ya 2019 ilisema Kisii ina watu 957 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira 675. Kenya yote, ukiweka na jangwa, ni 82. Ukisafiri usiku kutoka Keroka hadi Kisii hutaona giza refu, ni taa, duka, taa, kanisa, taa. Tao hazijengwi tena mahali pamoja, zinamwagika kando ya barabara kama maharagwe kwa meza. Lakini kwa karatasi wengi wetu bado tuko kijijini, na huduma tunazopewa ni za kijijini. Mabomba ya maji taka ni ya kuhesabu. Zimamoto ikitoka Kisii, ikifika nyumba imeshaamua.

Shamba la sokoro lilikuwa eka 4. Aligawia watoto wa kiume watano, na mathe yangu, kwa sababu alirudi nyumbani, akapewa kipande cha pembeni baada ya makelele ya miaka miwili. Nimepima kipande chetu kwa hatua. Kina nyumba, choo, mistari minane ya chai na kaburi moja. Mimi nina ndugu wawili. Nilimuuliza magokoro hiyo hesabu itakuwaje. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Momura one," alisema, "ndio maana tulikupeleka shule."

Sikumjibu. Ningesema nini?

Sasa binti ya mjomba wangu amemaliza form four na ameitwa koleji. Wiki iliyopita nilishuka Keroka nikamsaidia na fomu, zote mbili, ya kaunti na ya NG-CDF. Pale pa wadi niliandika RIGOMA kwa herufi kubwa, pa eneo bunge KITUTU MASABA, pa kaunti NYAMIRA, na nikapigia mistari miwili chini. Jamaa wa saiba akaniuliza kwani nina shida gani. Nikamwambia aprinti tu.

Chifu hakuwa ofisini. Ametuambia turudi Alhamisi.